Hali ya Familia, Akili na Afya ya Akili ya Vijana Balehe: Mwongozo kwa Waamini wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Katika lugha yetu neno moja hubeba mizigo miwili. Tunasema mtoto fulani "ana akili," tukimaanisha kwamba huelewa upesi. Tunasema pia kwamba mtu fulani "ni mgonjwa wa akili," tukimaanisha kwamba fikra na hisia zake zimeelemewa kiasi cha kumfanya ashindwe kuishi kama ilivyokuwa desturi yake. Kwa kuwa neno ni moja, mambo haya mawili huchanganywa, na anayelipa gharama ya mchanganyiko huo ni kijana. Binti wa kidato cha pili aliyekuwa akifanya vizuri, na ambaye sasa hali, halali wala hasemi, huambiwa kwamba akili zimemwisha, na kwa sababu hiyo masomo hayamfai tena. Mvulana anayegombana na kila mtu huambiwa hana akili, akapewa fimbo badala ya kusikilizwa.

Makala haya yanakusudia kuwasaidia wazazi, wasimamizi wa Sakramenti, makatekista, walimu na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kutofautisha mambo hayo mawili, kufahamu namna hali ya maisha ya familia inavyoyagusa yote mawili, na kujua la kufanya kijana anapoelemewa.

Maana ya maneno

Kijana balehe, kadiri ya Shirika la Afya Duniani, ni mtu mwenye umri wa kati ya miaka 10 na 19. Shirika hilo linakadiria kwamba duniani kote kijana 1 kati ya 7 wa umri huo anaishi na tatizo la afya ya akili. Ndiyo kusema, katika darasa la Kipaimara lenye vijana 40, ni jambo la kawaida kuwa na watano au sita wanaohitaji msaada, hata kama hakuna aliyewahi kutamka neno.

Uwezo wa akili ni nguvu ya kuelewa, kukumbuka, kulinganisha mambo na kutatua tatizo jipya. Afya ya akili ni hali njema ya fikra, hisia na mwenendo, inayomwezesha mtu kujifunza, kufanya kazi, kupenda na kustahimili magumu ya kawaida. Mtu anaweza kuwa na uwezo mkubwa wa akili na bado akaugua sonona. Mwingine anaweza kuwa mzito darasani na bado akawa na moyo mtulivu na furaha tele. Hali ya maisha ya familia, kwa upande wake, haihusu fedha peke yake. Inajumuisha kipato, elimu ya wazazi, kazi wanayoifanya, chakula, makazi na nafasi ya familia hiyo machoni pa jirani.

Mazingira ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Mkoa wa Shinyanga, pamoja na eneo la Busega lililotoka Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yake ni Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.1. Walio wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na pamba ndiyo "dhahabu nyeupe" yao.

Mambo matatu ya mazingira haya yanahusu moja kwa moja mada yetu. Kwanza, fedha ya pamba huingia kwa msimu. Kaya nyingi hupata fedha nyingi kwa mara moja msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, kisha huishi kwa kubana miezi inayofuata, hasa mvua zinapokuwa haba. Pili, watoto ni nguvu kazi: wavulana huchunga ng'ombe, wasichana huchota maji na kulea wadogo zao, na wote hupalilia na kuvuna. Tatu, watoto wengi husikia Kisukuma nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza wanapoingia kidato cha kwanza. Mtoto anayenyamaza darasani huenda anatafuta maneno, wala hajakosa mawazo.

Jinsi ufukara unavyoingia katika fikra

Ufukara haubadilishi thamani ya mtu, lakini hufanya kazi juu ya mwili na moyo wake. Njia zake kuu ni hizi.

Njia ya kwanza ni lishe na maradhi. Ubongo hujengwa tangu tumboni mwa mama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Upungufu wa damu, malaria ya mara kwa mara, minyoo na ukosefu wa madini joto hupunguza uwezo wa kujifunza. Kuanzia miaka ya 1980 Serikali ilitoa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na upungufu mkubwa. Wachumi waliochunguza matokeo yake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikadiria kwamba watoto ambao mama zao walivipata walisonga mbele shuleni kwa takriban theluthi moja hadi nusu ya mwaka zaidi ya wengine, na waliofaidika hasa ni wasichana. Chumvi yenye madini joto jikoni ni sehemu ya malezi ya akili.

Njia ya pili ni msongo wa wazazi. Mzazi anayehesabu debe la mwisho la mahindi hana nafasi kubwa ya kufikiri mengine. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, nchini India. Watu wale wale walipimwa kabla ya mavuno, wakiwa na dhiki, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kufikiri. Mkulima hakuwa mjinga mwezi mmoja na mwerevu mwezi uliofuata. Dhiki ndiyo iliyokuwa imeikalia akili yake. Wataalamu wangali wanajadili ukubwa wa tofauti hiyo, lakini wakulima wa pamba hawahitaji maelezo marefu ili kuielewa. Msongo huo ukigeuka kuwa ugomvi, pombe au ukimya, kijana huubeba kwenda nao shuleni.

Njia ya tatu ni ukatili. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulibaini kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamepata ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na takriban robo tatu ya watoto walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Ukatili hutokea katika nyumba za matajiri na za maskini, lakini mtoto wa maskini ana milango michache ya kukimbilia.

Njia ya nne ni aibu. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, lakini sare, daftari, viatu na chakula cha mchana bado vina gharama. Kijana balehe hujipima kila siku kwa wenzake. Tafiti zimeonesha kwamba hata namna kijana anavyojiona kuwa wa chini au wa juu katika jamii yake huhusiana na afya ya akili yake. Kusoma hadharani majina ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa mchango, shuleni au kanisani, huacha jeraha ambalo fedha ile haiwezi kulifidia.

Je, akili ya mtoto hupimwaje?

Wazazi wengi huamini kwamba alama za darasa la saba zimekwisha kusema neno la mwisho juu ya akili ya mtoto. Uchunguzi uliofanywa hapa hapa Afrika Mashariki unatufundisha vingine.

Karibu na Bagamoyo, timu ya watafiti iliyoongozwa na mwanasaikolojia Robert Sternberg iliwapa watoto wa shule za vijijini vipimo vya akili, ikawapa baadhi yao mafunzo mafupi ya namna ya kukabili maswali ya aina ile, kisha ikawapima tena. Waliofundishwa walipanda kwa kiasi cha kuonekana. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yanaonesha kwamba kipimo cha mara moja hupima kile ambacho mtoto amewahi kufundishwa. Kile anachoweza kujifunza hujificha nyuma yake.

Kabla ya hapo, huko Usenge nchini Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti hao waliwauliza watoto kuhusu dawa za mitishamba zinazotumika kijijini kutibu maradhi ya tumbo. Waliozijua zaidi ndio waliokuwa na mwelekeo wa kupata alama za chini katika baadhi ya vipimo vya shuleni. Walikuwa wametumia akili zao katika shule nyingine. Vivyo hivyo, mchungaji mdogo wa Meatu anayemtambua kila ng'ombe wa kundi na kujua maji yalipobaki wakati wa kiangazi ana akili ambayo karatasi ya mtihani haina swali la kuipima.

Tena, uwezo wa akili wa jamii nzima huweza kupanda. Katika eneo la Embu nchini Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu kwa kiasi kikubwa kuliko watoto wa umri huo waliopimwa mwaka 1984. Watafiti walitaja sababu zinazowezekana: wazazi wengi zaidi waliojua kusoma, familia zenye watoto wachache zaidi, na lishe na afya bora zaidi. Katika miaka 14 damu ya watu haibadiliki. Kilichobadilika ni nyumba.

Uhusiano wa akili na afya ya akili

Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia kwa miongo mingi watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Waligundua kwamba waliopata alama za chini katika vipimo vya akili utotoni walikuwa, kwa wastani, katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona, wasiwasi uliopitiliza na baadhi ya magonjwa makali ya akili walipokuwa watu wazima.

Matokeo haya yasomwe kwa uangalifu. Wastani si hukumu ya mtu mmoja. Pia, sababu zilezile, yaani lishe duni, maradhi, ukatili na msongo wa nyumbani, huweza kushusha alama na kuvuruga hisia kwa wakati mmoja. Mtoto anayeshindwa darasani kila siku huaibishwa, na aibu humwongezea huzuni. Mwenye huzuni naye hawezi kukazia fikra somo, basi alama zake hushuka zaidi. Kwa sababu hiyo, alama zinaposhuka ghafla, swali la kwanza la mzazi lisiwe "kwa nini umekuwa mvivu?" bali "ni nini kimekupata?" Na mtoto mwenye akili nyingi asidhaniwe kuwa amesalimika. Mara nyingi yeye ndiye ajuaye zaidi kuficha.

Ufukara si hukumu

Huko North Carolina, Marekani, watafiti walikuwa wakiwafuatilia watoto 1,420, wakiwemo wa kabila la Wacherokee. Mwaka 1996 kabila hilo lilifungua biashara na kuanza kugawa sehemu ya faida kwa kila mwananchi wake. Watoto ambao familia zao zilitoka katika ufukara walipunguza ukorofi na uvunjaji wa kanuni hadi kulingana na watoto ambao hawakuwahi kuwa maskini. Sababu kubwa iliyotajwa ni kwamba wazazi walipata muda zaidi wa kuwaangalia watoto wao. Lakini wasiwasi na sonona havikupungua kwa namna hiyo. Fundisho ni la pande mbili: kuiinua familia kiuchumi kunamponya kijana kwa sehemu, na bado kuna majeraha ambayo fedha peke yake haiyafikii.

Nchini Kenya, mpango wa Serikali wa ruzuku kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu ulihusishwa na kupungua kwa dalili za sonona, hasa kwa vijana wa kiume. Hapa kwetu, ruzuku kwa kaya maskini kupitia TASAF, vikundi vya kuweka na kukopa, na huduma za Caritas zinaweza kutazamwa pia kwa jicho hilo: ni msaada kwa tumbo na kwa akili.

Mwanga wa imani

Familia Takatifu ilitoa sadaka ya maskini hekaluni, yaani ndege badala ya mwanakondoo (rej. Lk 2:24). Katika nyumba hiyo, Mwinjili anasema, Yesu aliendelea katika hekima, katika kimo na katika upendo wa Mungu na wa watu (rej. Lk 2:52). Nazareti yafundisha kwamba fikra, mwili na mahusiano hukua pamoja, na kwamba nyumba maskini yaweza kuwa nyumba nzuri ya kulelea.

Mtakatifu Bernadeta wa Lurdi alikuwa na miaka 14 mwaka 1858. Familia yake ilikuwa imefilisika na kuishi katika chumba kilichokuwa gereza. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pumu, hakujua kusoma, na alionekana mzito katika katekesi. Mtakatifu Yohane Maria Vianney alihangaika sana na Kilatini kabla ya kupewa Daraja. Naye Mtakatifu Luis Martin, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alilazwa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, nchini Ufaransa, kuanzia mwaka 1889. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2015. Ugonjwa wa akili si laana, wala si ushahidi wa dhambi ya mzazi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaagiza kwamba, kabla ya ibada kuu ya kupunga pepo, ni lazima kuhakikisha kuwa tatizo si ugonjwa (na. 1673), na kwamba magonjwa ni jukumu la tiba. Kijana mwenye kifafa, anayesikia sauti au aliyenyong'onyea asipelekwe kwa mganga wa kupiga ramli, wala asizungushwe kutoka kikundi kimoja cha maombezi hadi kingine huku akinyimwa dawa. Sala na dawa ni zawadi za Mungu mmoja. Aidha, Katekisimu inafundisha kwamba matatizo makubwa ya kisaikolojia na uchungu mzito hupunguza wajibu wa mtu aliyejiua (na. 2282). Kwa hiyo jumuiya isiiongezee familia iliyofiwa msalaba wa masengenyo.

Dalili za kuangalia

Dalili zifuatazo zikidumu kwa wiki mbili au zaidi, zisipuuzwe: huzuni au hasira isiyo ya kawaida, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kubadilika kwa hamu ya kula, kujitenga na marafiki, michezo na Misa, maumivu ya kichwa au tumbo yasiyo na sababu inayoonekana, alama kushuka ghafla, kuanza kutumia pombe au bangi. Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kujijeruhi, kugawa vitu vyake au kusema kwamba afadhali asingekuwapo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kijana akisema maneno ya namna hiyo, aulizwe wazi na kwa upole kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpunguzia upweke. Asiachwe peke yake hadi afikishwe kwa mtaalamu. Nasi tunaokaa katika nchi ya pamba tuna tahadhari ya pekee: dawa za kunyunyizia pamba zisihifadhiwe chini ya kitanda wala darini. Zifungiwe kwa kufuli mbali na nyumba ya kulala, na ufunguo ashike mtu mzima. Saa moja ya kukosa sumu karibu imeokoa maisha ya wengi.

Wajibu wa kila mmoja

Wazazi wampe kijana muda wa kusikilizwa bila kukatizwa, hata kama ni wakati wa kukama ng'ombe. Wamwachie saa za kujisomea na kulala. Wasimwoze binti kwa sababu ya ng'ombe wa mahari au alama mbaya. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi au kumpa mimba. Binti aliyejifungua anaweza kurudi shuleni tangu Serikali ilipotoa ruhusa hiyo mwishoni mwa mwaka 2021, na apokelewe bila kejeli.

Jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na UWAKA ziwajue vijana wa nyumba zao kwa majina. Michango ikusanywe kwa siri na kwa kadiri ya uwezo. TYCS, VIWAWA na Utoto Mtakatifu viwe mahali ambapo mtoto asiye na viatu huongoza sala sawa na mwingine yeyote.

Makatekista na walimu wasimwite mtoto yeyote mjinga. Wafundishe, wapime, wafundishe tena.

Mapadre na watawa wasikilize, watunze siri na kujua mipaka ya huduma yao. Kitubio huondolea dhambi. Sonona si dhambi, nayo huhitaji tiba.

Mahali pa kwenda ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyopo Bariadi. Kwa matibabu ya kibingwa, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, iliyo mali ya Maaskofu Katoliki wa Tanzania. Panapokuwa na ukatili, taarifa itolewe kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Jumapili hii, baada ya Misa, kila mzazi na amtazame kijana wake usoni, amuulize hali yake, na asubiri jibu hata likichelewa.